Vitabu vya Wageni

Hakuna kitu hunipandisha hasira kama kabati la vitabu lenye kufuli. Shule yangu iko Ndabibi, nafundisha darasa la tatu: watoto wengi, madawati machache, vumbi la kumtosha kila mtu. Nilikuwa nimetoka mafunzo ya walimu mjini Nakuru, ambako tuliambiwa tuache kuwaimbisha watoto ukurasa mzima kama kwaya. Kila mtoto ashike kitabu chake, aweke kidole chini ya neno, asome mwenyewe. Nikapewa katoni ya vitabu vya hadithi, nikarudi nayo nikijiona tajiri.

Mwalimu mkuu aliipokea kwa mikono miwili, akaifungia kabatini.

"Madam, hawa watoto wako mikono ni matope tu," akaniambia. "Wageni wakikuja tutawaonyesha nini? Kitunze kikutunze."

Kitunze kikutunze, eti! Nilibembeleza, nikanuna, nikapandisha sauti hadi walimu wenzangu wakainamia chai yao. Wapi! Ufunguo haukutoka mfukoni mwake.

Na mimi nilikuwa na haraka. Kulikuwa na msichana aliyekuwa akirudia darasa, kusoma bado kunamshinda. Mama yake, kibarua wa shamba la maua, alikuja kuniona akiwa na mtoto mchanga mgongoni.

"Teacher, niambie ukweli. Kama hii kusoma imekataa, wacha nimtoe akae na mtoto, mimi niende job."

Nilimwomba anivumilie hiyo term tu.

Basi tukasomea pakiti za unga. Za majani chai pia, na za sabuni. Kila mapumziko nilimkalisha kando yangu, kidole chini ya neno, sauti moja moja. Siku aliyosoma pakiti nzima bila kusaidiwa, nilipiga kigelegele hadi darasa jirani likachungulia dirishani. Lakini jamani, pakiti ya unga haina hadithi. Ukishajua ni unga, umemaliza.

Mwisho wa muhula wageni waliotupa vile vitabu kwenye mafunzo wakaja, na wazazi wakaitwa. Kabati likafunguliwa. Vitabu vikagawiwa, vinanukia upya, kurasa zimeshikana. Mgeni mmoja akamnyooshea kidole msichana wangu: "Hebu tusomee."

Msichana akakifungua, akaweka kidole, akaanza. Kwenye hadithi, mtoto fulani amepoteza mbuzi, anafuata alama za kwato kuelekea mtoni. Polepole, neno kwa neno, peke yake! Mama yake, aliyesimama mlangoni, alijifunika mdomo kwa leso.

"Huyu hatoki hapa," akaninong'oneza. "Mtoto mchanga nitamtafutia mtu mwingine."

Mgeni akampigia makofi. "Mnaona kazi ya vitabu vyetu? Na vile mmevitunza!" Mwalimu mkuu akatabasamu hadi magego. Nilitaka kupiga kelele. Vitabu gani? Si ni unga!

Gari la wageni halijafika hata barabarani, mwalimu mkuu akaanza kukusanya. Msichana wangu alikumbatia chake kifuani.

"Sir, bado hajapata mbuzi."

"Lete hapa. Utakichafua."

Kufuli ikalia. Niligombana naye siku hiyo, na bado tunagombana.

Sasa kila asubuhi msichana yule hunisubiri langoni, amenawa mikono hadi viwiko, ananionyesha viganja pande zote mbili.

"Teacher, wageni wanakuja leo?"