Aliyeulizwa Mlangoni

Kwa miaka thelathini na moja Profesa Talle Gambo alichunguza jambo moja: kwa nini mioyo ya wanawake wa Zaria huvimba na kulegea baada ya kujifungua. Alishuku uji wa magadi, ambao mzazi hulishwa siku arobaini mfululizo huku akikandwa kwa maji ya moto. Shaka hiyo hakuipata maabarani. Aliipata jikoni, akiwa ameketi na wakunga vikongwe waliokuwa watafiti wake, wakimwonyesha kwa viganja vyao kiasi cha magadi yanayotiwa chunguni.

Mwaka alipokwenda kuhiji, wakunga waliondolewa. Dakta Sagir, aliyekuwa mwanafunzi wake, aliajiri vijana wa kiume wenye simu kubwa. Siku hizi ndivyo ilivyo: hata madaktari sikio hawaliinamishi tena kifuani mwa mgonjwa, hutazama kioo na kuandika.

Jumatatu aliletewa ripoti atie sahihi. Ilisema magadi hayana neno. Akashuka nayo wodini. Asabe, aliyejifungua majuzi, alikuwa ameegemea mito, miguu imejaa maji, hawezi kulala chali. Fomu yake, iliyojazwa na mmoja wa vijana wa simu, ilisema hajagusa magadi.

"Uji uliunywa, mwanangu?"

"Asubuhi na jioni, Hajiya. Nisipomaliza bakuli, bibi ananisimamia kama askari."

"Na yule kijana ulimwambia nini?"

Asabe akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Kijana gani? Mwanamume aingie uani kwetu? Alimuuliza mume wangu mlangoni. Naye hata chumvi hajui inakaa wapi."

Profesa akapanda ofisini kwa Sagir. "Fomu ngapi zimejibiwa na waume?"

"Mama, vijana hawawezi kuingia nyua za watu. Ni mila yetu."

"Mila niliijua hujazaliwa. Ndiyo maana niliwatuma wanawake. Ngapi?"

"Karibu zote. Lakini wafadhili wanaitaka ripoti Ijumaa. Na wale bibi zako hata kusoma hawajui."

"Walijua kuingia. Hii ikitoka, wazazi wataambiwa wanywe tu, mpaka moyo usimame. Na jina langu liko juu."

Akalikata jina kwa kalamu hadi karatasi ikachanika. Hapo hapo akawaandikia wafadhili kwamba utafiti ni wa uongo.

Kati ya wakunga wake kumi na wawili wa zamani, watatu walikuwa hai, mmoja haoni. Jumanne aliwapakia wote garini mwake, wakaanza upya, uani kwa kina Asabe.