Siku Kufuli Alipomla Malkia

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni fundi makochi, na watu wa mtaa wetu wa mafundi wanamwita Kufuli. Wala hakasiriki. Ni mtu anayefunga mlango wa karakana, akafika njia panda, akarudi kuuvuta tena ili ahakikishe. Jua linawaka, yeye ana mwavuli kwapani. Misumari iliyopinda anainyoosha kwa nyundo na kuirudisha kwenye kopo, vipande vya sponji anavisokomeza kwenye gunia, na ukimwambia atupe anakujibu kwamba akiba haiozi. Mimi ndiye ninayeshona vitambaa vya makochi hayo. Cherehani yangu inatazamana na meza yake, kwa hiyo ninayoyasema sikuyaokota barabarani.

Ana udhaifu mmoja tu. Mteja akileta kochi kuukuu akaomba libadilishwe kitambaa juu juu, Kufuli hawezi. Atalifumua mpaka mbao zibaki uchi, apige magoti, aingize kichwa ndani, atazame fundi wa kwanza alizifunga vipi springi, mikanda aliipitisha wapi, na kwa nini msumari huu uko hapa badala ya pale. Ukimsikia anaguna mle ndani, ujue kakuta kitu. "Shem, njoo uone," ataniita, "huyu jamaa alikuwa na akili!" Mimi nina kitambaa cha watu mkononi, mteja anakuja jioni, naitwa nikashangae fundo la kamba. Mara nyingi jibu langu lilikuwa msonyo.

Kwenye chesi ndiko alikokuwa kufuli kweli kweli. Ubao anaochezea aliuchonga marehemu baba yao, baba mkwe wangu, aliyekuwa seremala. Vyumba vyeusi na vyeupe vimeunganishwa hata ukipitisha kucha huhisi mpaka. Kete ni nzito, zinakaa mkononi vizuri, na farasi mmoja ana sikio fupi kwa sababu mzee alimchonga akiwa tayari mgonjwa, mkono unatetemeka. Ubao huo ulikaa kwenye rafu karakanani, na Jumamosi baada ya kazi mafundi wa mtaa mzima walikuja kucheza hapo.

Kwa kujiamini kwake, Kufuli mwenyewe ndiye aliyeweka sharti. Kila mwaka watu wanashindana, anayebaki wa mwisho anacheza na bingwa, na atakayemfunga bingwa anauchukua ubao ukakae kwake. Wakitoka sare, ubao haubanduki. Bingwa alikuwa yeye, miaka nenda miaka rudi, na ubao haukuwahi kuvuka kizingiti.

Mimi chesi siijui kwa kuicheza, naijua kwa kuitazama, na uchezaji wa shemeji ulikuwa dawa ya usingizi. Anakula askari wako mmoja, basi, anajifungia ndani na mfalme wake, halafu mnabadilishana kete moja moja mpaka unachoka kuishi. "Haba na haba," anasema. Watu walimpongeza akishinda, lakini sikuwahi kumwona hata mmoja akimwambia arudie aone alivyofanya.

Mwaka huu aliyefika mwisho alikuwa dada wa fotokopi, binti mwenye kibanda cha kutoa nakala mkabala na sisi. Haongei sana. Anatafuna chingamu na kutazama mashine yake. Nilimwonya shemeji mapema.

"Ukiupoteza ubao wa mzee kwa yule mtoto, kaka yako hatakuelewa. Na mimi ndiye nitakayelala na kelele zake."

"Shem, punguza presha. Kufuli halifunguliwi kwa chingamu."

Walicheza juu ya meza ya kukatia vitambaa, watazamaji tumekaa kwenye fremu za makochi ambazo hazijavikwa kitu. Mwanzo ulikuwa ule ule wa siku zote. Shemeji akala askari mmoja, akajifungia. Binti akawa anabanwa taratibu, na mimi nikaanza kuwaza kitambaa changu cha Jumatatu.

Ndipo binti akamchukua malkia wake, akamweka mbele kabisa ya mfalme wa Kufuli, mahali ambapo askari wa kawaida tu angeweza kumla. Akamwacha hapo. Hata mimi najua malkia ndiye kete yenye nguvu kuliko zote, anakwenda kokote apendako, na hakuna mwenye akili timamu anayemtoa bure. Fundi redio aliruka.

"Dada, umekosea! Mrudishe haraka!"

Binti aliacha kutafuna. "Sijakosea."

Watu wakamkemea fundi redio akae chini. Shemeji alichomoa penseli sikioni, akairudisha. Chai yake ikapoa. Fundi viatu, mzee mmoja anayeujua mchezo huo vizuri, aliniinamia.

"Asimguse," akaninong'oneza. "Akisogeza ngome tu, malkia itabidi arudi nyuma, na mchezo utakwisha sare. Ubao unabaki kwenu."

Nikashusha pumzi. Kama duniani kuna mtu asiyegusa kitu asichokielewa, ni shemeji yangu. Ngome ilikuwa pale pale, karibu na kidole chake.

Lakini aliinama. Akainama zaidi, mpaka pua ikakaribia kugusa vichwa vya kete, akazungusha shingo huku na huku. Halafu akaguna. Mguno ule niliutambua, ndio ule wa ndani ya makochi. Nilitaka kupiga kelele, lakini watazamaji hawaruhusiwi kusema, na fundi redio alikuwa ameshakemewa. Shemeji akanyoosha mkono, akamchukua askari, akamla malkia.

Yaliyofuata sijui nani aliyafundisha vidole vya yule binti. Farasi mwenye sikio fupi aliruka, "cheki", yaani mfalme anatishiwa, akalazimika kutoka mlangoni pake, kwa sababu askari aliyekuwa analinda mlango ndiye aliyekwenda kula. Askofu akapita mshazari, "cheki", mfalme akasogea mbele. Akifukuzwa huku anakwenda kule, hatua kwa hatua, mpaka akajikuta katikati ya ubao peke yake, na mali yake yote, malkia, ngome mbili, kila kitu, iko nyumbani imelala. Mwizi ameingia na mwenye nyumba ndiye yuko nje. Watu walikuwa wamesimama. Nami nilikuwa nimesimama, sikumbuki niliinuka saa ngapi.

Kuna desturi kwenye mchezo huu: ukiona umeshindwa, unamlaza mfalme wako mwenyewe ili usiaibishwe mpaka mwisho. Fundi viatu alimshika shemeji bega kwa upole.

"Mlaze, fundi. Yamekwisha."

"Ng'o," akasema Kufuli. Macho yake hayakubanduka ubaoni. "Mwache amalize."

Binti akamaliza. Hakutumia ngome wala farasi. Alisukuma askari mmoja, yule mdogo, chumba kimoja mbele, na mfalme hakuwa na pa kwenda. Karakana ikalipuka, watu wanashikana vichwa, fundi redio anapiga fremu kwa kiganja. Nilifurahi, na nikaichukia furaha yangu, maana binti alikuwa anazipanga kete za mzee kwenye kisanduku. Alivuka barabara na ubao kifuani. Mtu mmoja nyuma yangu akasema asiyekubali kushindwa si mshindani, nikampa jicho akajua nyumbani kwao ni wapi.

Jumatatu nilimkuta shemeji kaingiza kichwa ndani ya kochi. Nilimsubiri atoke.

"Njia ya ngome uliiona?"

"Niliiona mwanzo kabisa, Shem."

"Na ulijua pale kuna mtego?"

"Nilijua kuna kitu. Kitu gani, sikujua. Nilitafuta, nikatafuta, sikukiona." Alijifuta vumbi usoni. "Ningesogeza ngome, ningeurudisha ubao kwenye rafu, na nisingejua kamwe mle ndani mlikuwa na nini."

"Ubao wa baba yako, Shem! Kwa ajili ya kuchungulia!"

Alikaa chini, juu ya gunia la sponji. Sijawahi kumwona akikaa saa za kazi.

"Baba aliuchonga ule ubao watu wacheze. Mimi nimeulinda tu. Niambie mchezo wangu mmoja, mmoja tu, ambao mtu alitaka kuuona tena." Macho yalikuwa mekundu, na si kwa sababu ya vumbi. "Ule wa Jumamosi nimeuona mpaka mwisho, tena nimekaa kiti cha mbele."

Nilirudi kwenye cherehani. Hata hivyo uchungu haukutoka, na ilipofika mchana nilichukua karatasi yoyote iliyokuwa karibu, nikavuka barabara. Nilisema nakwenda kutoa nakala. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumwambia yule binti ukweli wake na, Mungu akipenda, kurudi na ubao.

Nilikuta ubao uko juu ya kaunta, kete zimepangwa. Malkia yuko pale pale alipoachwa, na askari wa shemeji bado hajamla.

"Karibu, mama," akasema binti. "Kila anayekuja kutoa nakala anataka kuonyeshwa. Wengine wanasahau karatasi zao." Akaipokea karatasi yangu, akaiweka pembeni. "Mama, naomba nikuulize. Kwa nini alimla?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyemtegea?"

"Nilikuwa nazidiwa. Kila mtu anajua fundi hagusi asichokijua. Nilimweka malkia pale huku naomba kimoyomoyo, na asingemla nisingekuwa na kitu. Tangu Jumamosi najiuliza, mtu mwenye tahadhari vile, kwa nini alimla?"

Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyanoa njia nzima. Nikayatafuta, nikaona farasi mwenye sikio fupi, kasimama mahali pazuri kuliko alipowahi kusimama karakanani.

"Alitaka kuona ndani," nikasema.

Binti akatazama ng'ambo, kwenye karakana, ambako nyundo ilikuwa imeanza tena. "Mwambie aje basi," akasema polepole. "Kuna hatua mle ambazo hata mimi sijazielewa vizuri."

Nikavuta kigoda. "Hebu nionyeshe kwanza mimi. Taratibu."

"Basi mama uwe fundi."

Nikanyoosha mkono. Kete za mzee zilikuwa na ubaridi na uzito ule ule. Ngome ilikuwa karibu na kidole changu, na nilijua vizuri njia yake ni ipi, na nikiisogeza kitatokea nini. Nikamchukua askari, nikamla malkia.