Sauti ya Mtu Aliyeshiba

Nakaloke, kwenye barabara inayotoka Mbale kwenda kaskazini, yupo fundi wa pikipiki ambaye pikipiki yake mwenyewe inapiga kelele kuliko zote. Siku ya soko husikika angali mbali, ikipasuka na kukohoa, kuku wanatawanyika, akina mama wanaziba masikio na kumtukana. Fundi gani huyu, wanasema, anayeshindwa na ekzosi yake? Fundi huyo, Marjan, huinua mkono kusalimu, akapita. Laiti wangejua wanamtukana nani! Kulikuwa na wakati Jinja nzima haikuwa na mtu wa kumfikia katika kazi hiyohiyo ya kuitia pikipiki adabu.

Alizaliwa Jinja katika ukoo wa Wanubi, watu ambao babu zao waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari, na ambao tangu hapo hawakuacha kuitwa askari hata wakiuza maandazi. Baba yake alikufa mapema. Mama yake, Hajara, alisuka vikapu na makawa ya rangi ya kufunikia chakula, akimlea kwa fedha ya vikapu hivyo. Hajara alikuwa na mistari mitatu ya chale katika kila shavu, alama ya kikwao. Wazee walipotaka kumchanja mtoto, alikataa katakata. Alisema atakapokuwa mtu mzima ataamua mwenyewe uso wake uweje.

Kijana alipopata nguvu za kushika nyundo alipelekwa kwa Ghanshyam, Mhindi mwembamba aliyekuwa na karakana karibu na stesheni. Ghanshyam alitengeneza kila kitu chenye injini, lakini ugonjwa wake ulikuwa sailensa. Ndani ya bomba lile nene la kutolea moshi kuna bomba jingine jembamba lenye matundu, na moshi ukipenya humo hupunguzwa hasira. Fundi wa kawaida akiambiwa apunguze kelele huyaziba matundu. Pikipiki inanyamaza kweli, lakini inakosa pumzi, ikiona kilima inaomba kusukumwa. Akiambiwa aongeze nguvu, hulitoa bomba lote la ndani, na mtaa mzima unapata maumivu ya kichwa. Ghanshyam aliwadharau mafundi wa aina zote mbili.

"Wewe ziba, injini nakufa," alimwambia Marjan. "Sauti hapana ua. Sauti fundisha adabu."

Alikuwa na mazoea ya kuweka kiganja nyuma ya ekzosi, macho kafumba, akisikiliza kwa mkono. Sauti aliyokuwa akiitafuta, alisema, ni ya mtu aliyeshiba: anaguna chini kwa chini baada ya chakula, hana sababu ya kumpigia mtu kelele. Aliitafuta miaka mingi, akawa anaikaribia tu.

Aliyeipata ni Marjan, na aliipata kwenye vikapu vya mama yake. Hajara alipoanza kikapu alianzia katikati, akazungusha ukindu, kila mzunguko ukiwa mkubwa kidogo kuliko uliotangulia. Marjan akachukua keekee, akatoboa bomba la ndani kwa mzunguko huohuo, matundu yakianza madogo na kupanuka kadiri yanavyokwenda, akalivika nyuzi za chuma, na mwishoni akaacha chumba kitupu ili sauti ipate mahali pa kupumzika. Ghanshyam aliweka kiganja, akakiacha pale mpaka kikakaribia kuungua.

"Haya," akasema. "Hii yako."

Kwa Ghanshyam hiyo ilikuwa hotuba ndefu. Haukupita muda Wahindi wakaamriwa kuondoka nchini, na Ghanshyam na mkewe Hemlata wakaondoka na masanduku machache kama wenzao wote. Karakana alipewa ofisa mmoja wa jeshi ambaye hakujua tofauti ya plagi na kizibo, na aliyeifaidi mpaka alipouza mabati ya paa. Marjan alibaki na ile keekee, zawadi ya kuagana, akajijengea banda la nyasi hapohapo karibu na stesheni na kuendelea na kazi.

Hapo ndipo wateja walipobadilika. Walikuja vijana wasiovaa sare lakini wakiitwa afande, na pikipiki mpya ambazo hazikuwa na namba.

"Fundi, hii kitu napiga kelele sana," walisema. "Mimi nataka yenye iko chini. Lakini nguvu isipotee."

"Ndiyo, afande."

Hakuuliza ya nini. Unaweza kusema aliogopa, na kweli aliogopa, nani hakuogopa siku zile? Lakini tusimpake mafuta: alifurahi pia. Walimsifu, walimletea sukari wakati sukari ilikuwa inatafutwa kama dawa, waliambiana kwamba pale stesheni kuna Mnubi mwenye mkono. Jioni aliketi nje na mama yake, akaisikia pikipiki ikiguna mbali upande wa Mafubira, pembezoni mwa mji, na akajua hiyo ni yake. Hakukuwa na fundi mwingine aliyeweza kuifanya igune hivyo. Alitabasamu peke yake. Ilikuwa inakwenda kwa nani jioni hiyo, hilo halikumhusu. Marjan alikuwa bingwa wa kutouliza.

Vita vilipofika Jinja mwaka wa sabini na tisa, wale maafande walikuwa wameshavuka mpaka zamani, pikipiki na kila kitu. Waliobaki ni akina Hajara, Wanubi waliohesabiwa kuwa watu wa serikali iliyokimbia. Majirani waliokuwa wakinunua makawa yake waliiona ile mistari mashavuni kana kwamba wanaiona mara ya kwanza, wakamtoa nyumbani na kumpiga mawe kwa dhambi za watu ambao hakuwahi kuwapikia hata uji. Marjan alimzika haraka, nyuma ya nyumba, bila sanda ya maana. Kisha akaufunga ule uso wake usio na chale kwa kitambaa kama mgonjwa wa meno, akatia keekee kwenye gunia la mihogo, akaenda Mbale.

Mbale alijiita Semei. Alisema yeye ni mtoto wa reli kutoka Nakuru, wazazi wamekufa, ndiyo maana anajua Kiswahili tu na hana kabila la kuonyesha. Aliacha kuswali mbele za watu, halafu akaacha hata peke yake. Katika mtaa wa Malukhu alipata uwanja wa kufanyia kazi kwa mjane mmoja wa Kigisu aliyeitwa Nabifo, mwanamke mwenye mabega mapana na ulimi wa wembe, aliyekuwa akiuza vitunguu kutoka mlimani.

Aliambiwa mapema kwamba mume wa Nabifo, Wamimbi, karani wa kiwanda kimoja huko Jinja, alichukuliwa na watu wa serikali ile na hakurudi. Alijua hivyo tu. Mwanamume mwingine angeuliza: lini, mlikuwa mkiishi wapi, ilikuwaje? Marjan alitikisa kichwa kwa huzuni, akarudi kwenye spana zake. Na Nabifo, aliyezoea watu wanaouliza ili wakasimulie kwingine, alimheshimu kwa ukimya huo. Maskini, alidhani ni ustaarabu.

Serikali zilikuja na kuondoka, kila moja na askari wake. Marjan alitengeneza breki, aliziba matairi, na sailensa aliziziba ovyo kama fundi yeyote, akiogopa kwamba mkono wake utamtaja. Ilimuuma. Kila pikipiki iliyoondoka pale ikikohoa ilikuwa kama kumtemea Ghanshyam mate. Lakini alikuwa hai, na jioni kulikuwa na chakula, na baada ya miaka kadhaa kulikuwa na Nabifo mwenyewe, anayemtania kwamba ananuka mafuta ya mashine hata kwenye ndoto. Mambo yalipotulia, kahawa ikaanza tena kuteremka kutoka mlimani na maduka yakapakwa rangi, Nabifo akamwambia kaka zake watakuja Jumapili, azungumze nao kiume. Marjan alikuwa na zaidi ya miaka arobaini. Hakuwahi kutaka kitu duniani kama alivyoitaka Jumapili hiyo.

Walikuwa wamenunua kwa pamoja pikipiki kuukuu iliyotupwa wakati wa vita, ya kubebea vitunguu mpaka Nakaloke. Ilinguruma vibaya mno.

"Wewe Semei," Nabifo akamwambia, "hii takataka yako iko napasua kichwa yangu. Wewe ni fundi gani? Hapana weza nyamazisha?"

Angecheka, yakaisha. Lakini maneno hayo yaligusa mahali palipokuwa na njaa kwa miaka. Vita vimekwisha, alijiambia, nani anakumbuka sauti? Akaitoa keekee kwenye gunia. Alitoboa kwa mzunguko wa mama yake, polepole, akizungumza na Ghanshyam kimoyomoyo, na akalia kidogo, kwa sababu mikono ilikuwa haijasahau kitu. Alipoiwasha akaweka kiganja nyuma, akafumba macho. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Akaizungusha mtaani mara moja, kisha akaileta nyumbani, jua likiwa bado juu ya paa, amshtue mchumba wake.

Nabifo alikuwa uani anakoroga malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwenye chungu. Alikuwa amempa mgongo. Pikipiki ikaingia ikiguna chini kwa chini, na mwiko ukamdondoka mkononi. Hakugeuka kutazama. Alikimbia. Mwanamke yule mzito alikimbia kuelekea nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na huku anakimbia alipiga ukelele:

"Wamimbi, kimbia! Wamimbi, wamefika!"

Marjan alizima injini. Alibaki ameikalia pikipiki, mikono kwenye usukani, na alijua kila kitu kabla hajaambiwa neno.

Nabifo alirudi baada ya muda, majani makavu ya migomba yamemganda kwenye gauni lake la gomesi. Hakumtazama. Aliiangalia ekzosi.

"Tulikuwa tunakaa Mafubira," alisema. "Mimi nilikuwa napika malewa, kama leo. Yeye alisema kila siku, gari yao tutasikia, pikipiki yao tutasikia, mimi nitapita nyuma kwa migomba. Alitoboa hata seng'enge. Lakini sisi hapana sikia. Kitu ilikuwa naguna tu, kama mtu amekula akashiba. Mimi nilifikiri ni jirani. Wakati nageuka, wako kwa mlango."

Halafu alifanya jambo ambalo Marjan halisahau mpaka leo: alimfungulia mlango wa kutokea.

"Mafundi wengi wanajua kutengeneza hivi," alisema. "Si ndiyo, Semei? Wewe uliona kwa mtu."

Ilikuwa inatosha kusema ndiyo. Neno moja, na Jumapili ingefika, na kaka zake wangekunywa pombe yao kwa mirija. Nabifo alilitaka neno hilo, lilikuwa limeandikwa usoni mwake. Marjan alifungua mdomo. Sijui ni ukweli uliomshika au ni kiburi kile cha zamani ambacho hakikuweza, hata sasa, kumpa mtu mwingine kazi yake. Yeye mwenyewe hajui.

"Hakuna mwingine anayeijua," alisema. "Ni mimi. Naitwa Marjan."

Chungu kilikuwa kinaungua. Hakuna aliyekwenda kukiepua.

"Walikuambia ni ya nini?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza," Nabifo akasema. Alirudia tena, taratibu, kama anayepima uzito wa kitu mkononi. "Na mimi pia hapana uliza jina yako ya kweli."

Marjan alitaka kumwambia habari za mama yake, mistari ile, mawe, sanda aliyoikosa. Lakini aliona kwamba akizitoa habari hizo sasa itakuwa kama kumwekea maiti wake juu ya maiti wa mwenzake.

"Chukua hii kitu yako," Nabifo alisema. "Mimi hapana ita watu. Wakijua wewe ni Mnubi watakuua, na mimi sitaki damu kwa uwanja yangu. Ondoka tu. Lakini hapana washa. Sukuma."

Aliisukuma. Aliitoa nje ya uwanja, akapita nayo Malukhu yote mchana mweupe, keekee mgongoni, jasho linamtiririka. Watu waliokuwa wakimfahamu walimcheka kwa wema: fundi, leo imekukatalia? Imekataa, alijibu. Aliendelea kuisukuma hata alipokuwa mbali mno kwa Nabifo kusikia chochote.

Alipofika Nakaloke aliifungua sailensa, akatoa lile bomba la ndani, akalitupa chooni. Hakuwahi kutengeneza jingine. Jina lake la kweli analitumia waziwazi sasa, hakuna aliyemdhuru, na Ijumaa anakwenda msikitini. Hakuoa.

Nabifo bado anauza vitunguu pale sokoni Nakaloke, maana mtu hawezi kuacha soko lake kwa sababu ya mwanamume. Nyumba ya Marjan iko upande huu wa soko, banda lake liko upande ule, na njia ya kupita ni hiyo moja. Kwa hiyo huiwasha pikipiki yake mbovu, huiacha ipige mayowe kuanzia kwenye kona, huja polepole, matusi yote yakimwangukia, ili Nabifo amsikie angali mbali na apate nafasi ya kuondoka. Kila akifika penye meza ya Nabifo hukuta vitunguu vimefunikwa gunia na kigoda hakina mtu.