Vijiko Vilivyonisema

Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi za Ufipa mpaka nilipostaafu, na miaka hiyo yote adui yangu alikuwa mmoja: herufi L inapokaa mahali pa R. Wengi wetu tumekua na Kifipa nyumbani, na ulimi ukishazoea huko, barabara inageuka "balabala" na habari inageuka "habali". Sikuvumilia. Mtoto aliyekosea aliandika neno hilo mistari mia. Waliniita Mama Ra nikiwapa mgongo, nami nilijua, na kusema kweli nilijivunia.

Nilipostaafu niliamua kufungua mgahawa mdogo wa uji wa ulezi na supu, jirani na stendi ya Sumbawanga. Baridi ya asubuhi ya mji wetu haina mzaha, na uji wa moto kwenye kijiko cha bati unaunguza midomo. Nilitaka vijiko vya mti, na kila mpini uwe na jina la mgahawa. Jina nilikuwa nalo siku nyingi: Karibu. Basi. Neno moja, fupi, safi, na R yake katikati.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja, mzee wa Kaoze, kule bondeni, anayechonga mti na kufua chuma mwenyewe. Nikampigia simu. Tulisalimiana kwa Kifipa, tukaulizana habari za mahindi na za wajukuu, tukacheka, ndipo nikaingia kwenye Kiswahili nikamtajia jina. Aliniuliza mara mbili. Nililirudia mara mbili. Walimu wenzangu na wanafunzi wangu wa zamani nilikuwa nimekwisha kuwaalika kwenye ufunguzi.

Siku mbili kabla ya ufunguzi niliteremka Kaoze kuvichukua. Nilimkuta nyuma ya nyumba, mbele yake moto wa mkaa, na mhuri wa chuma umelala kwenye makaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Kaa hapo, namalizia."

Mhuri ule aliutengeneza kwa kipande cha springi ya lori. Herufi alizichonga kinyumenyume, ili zikigusa mti zisomeke sawasawa, na alizichonga kwa kichwa tu, mtu aliyeacha shule darasa la pili. Mimi na cheti changu ningehitaji kioo.

Aliutoa mhuri kwenye makaa akaugusisha kwenye maranda. Maranda yakawaka, kwa hiyo chuma kilikuwa kimezidi moto. Akakishikilia hewani kwa utulivu. Akajaribu tena. Safari hii yalifuka moshi tu, naye akaushusha mhuri kwenye mpini. Midomo yake ikaanza kucheza. Nilidhani ananisemesha, nikainama nimsikie. Alikuwa anasali Salamu Maria. Alipofika kwenye jina la Yesu akanyanyua chuma.

"Huo mti mweupe ni nusu ya sala," alisema. "Mninga unafika mpaka Amina."

Mti wenyewe aliutaja kwa Kifipa, na mimi, mwalimu wa Kiswahili, sikujua jina lake la Kiswahili.

"Na mtu akiwa na haraka, baba?"

"Akiwa na haraka atasali vibaya na atachoma vibaya."

Nilikaa pale nikitazama kijiko baada ya kijiko, na hakuna hata kimoja kilichoungua pembeni. Vilikuwa vyepesi, kingo zake nyembamba, mpini umepinda kidogo pale ambapo kidole gumba hupenda kukaa. Nimewaona watu wengi wakifanya kazi, lakini asiyepoteza hata tendo moja nilikuwa sijamwona. Nilimhusudu mzee yule. Nilitamani ningewahi kufundisha hata kipindi kimoja kwa namna ile.

Akanipa kimoja nikipulize majivu. Nikapuliza. Nikasoma: KALIBU.

Damu ilinipanda. Nikachukua kingine kwenye kikapu, na kingine, na kingine. KALIBU, KALIBU, KALIBU, zimenyooka vizuri, nyeusi tii. Niliwaona walimu wenzangu wote wamekaa mezani na vijiko hivyo mkononi, wakitazamana. Mama Ra!

"Baba," nikasema, nikijizuia, "kwenye simu ulisikia nini?"

"Kalibu. Nikakuuliza mara mbili, ukasema Kalibu." Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu nifike. "Nilifurahi sana, mwalimu. Babu zangu walikuwa wayeyusha chuma. Matanuru yao ya udongo yalikuwa marefu kuliko nyumba hii. Na kalibu ndicho chombo cha kumiminia chuma kilichoyeyuka. Nikamwambia mke wangu, kumbe huko mjini yupo anayetukumbuka."

Neno hilo limo kwenye kamusi, nilikuwa nalijua. Nililojifunza siku ile ni lingine: kwamba nikishacheka kwa Kifipa, ulimi wangu hauniombi ruhusa.

"Hivi maandishi haya yanafutika?" nikauliza.

"Yanafutika. Nitaparua. Kijiko kitakuwa chembamba, lakini kitabaki kijiko." Akanitazama. "Kwani kuna nini?"

Nilitazama vikapu viwili vilivyojaa vijiko, na zile sala zote zilizomo ndani yake.

"Hakuna kitu, baba. Nauliza tu."

Njia nzima ya kupanda Sumbawanga nilitunga hotuba. Ningewaeleza wageni habari za wayeyusha chuma wa Ufipa, ningetaja kamusi, ningefunga mjadala. Asubuhi ya ufunguzi nilikuwa nimeikariri yote. Wa kwanza kufika alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, mfanyabiashara wa mahindi sokoni. Alikaa, akaletewa uji, akageuza kijiko, akasoma. Akakisoma tena.

"Mwalimu, shikamoo. Hapa naona kama pana kosa."

Hotuba ilikuwa tayari mdomoni. Nikamtazama, nikaiacha.

"Kosa ni langu," nikasema. "Fundi aliandika nilivyotamka."

"Wewe, mwalimu? Wewe unatamka hivi?"

"Inaelekea ndivyo nilivyotamka siku zote nikiwa nimefurahi."

Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Kisha akakichukua tena, akakipitisha kidole gumba kwenye herufi, taratibu, na akakisifu kwamba kimechongwa na mtu anayejua kazi. Akakoroga uji.

"Mimi niliacha kunyoosha mkono darasani kwa ajili ya herufi hii," alisema, bila hasira yoyote. "Majibu nilikuwa nayo."

Nilivuta kiti nikakaa mbele yake. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu," na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwomba mwanafunzi radhi.

Alikiinua kijiko kwenye mwanga, akakisoma kwa sauti kubwa, kama mtoto aliyeitwa ubaoni:

"Kalibu."

"Asante," nikasema, na sikumsahihisha.