Kinanda Nilichojifunzia Juu ya Dungu

Kwaya yetu ya misa ya kwanza ilinichagua kuwa mpiga kinanda kwa sababu moja tu: mimi ni katibu muhtasi. Mpigaji wetu, mwalimu wa sekondari, alipata uhamisho wa ghafla kwenda Rukwa, akaondoka na godoro lake na ujuzi wake wote. Kikao kikaitishwa baada ya misa, kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Watu walitazamana, wakatazama chini, kisha mwenyekiti akaitazama mikono yangu.

"Mama, wewe si unachapa barua kwa vidole vyote kumi bila kuangalia?"

Nikasema ndiyo, ndiyo kazi yangu.

"Basi hilo limekwisha. Ajenda inayofuata ni sare."

Nilijaribu kueleza kwamba barua haina sauti ya pili wala ya tatu, lakini wajumbe walikuwa wameshafika kwenye vitenge, na kwaya ikishafika kwenye vitenge hoja yako imezikwa. Nikarudi nyumbani Nzuguni nikiwa mwanamuziki.

Mimi si mtu wa kunyamaza, na ningekataa kwa ukali kama si lile tangazo la paroko. Kwaya ya vijana, ile ya misa ya pili, ilikuwa na wapigaji watatu na haikuwa na kinanda. Sisi tulikuwa na kinanda bila mpigaji. Paroko, mtu wa maneno machache, alisema Pentekoste ikifika hatujapata mpigaji, kwaya mbili zitakuwa moja. Kila mtu alijua maana yake. Vijana wale wanaimba wakiruka, na sisi wengi wetu tuna magoti yaliyomalizia ujana wake kwenye viti vya ofisi. Tungeunganishwa Jumapili, na kufikia Jumapili ya tatu tungekuwa tumekaa kwenye mabenchi tunapiga makofi.

Na kwaya ile niliipenda, niseme wazi. Ofisi yetu ilipohamia Dodoma nilikuja peke yangu, wanangu wakiwa wameshaanza maisha yao, na kwa muda mrefu aliyenijua mtaani ni mbwa wa jirani tu, naye hakunipenda. Kisha nikajiunga na kwaya. Mama yangu alipofariki kule Handeni, wanakwaya walipanda basi wakaja kumzika mtu ambaye hawakuwahi kumwona, wakaimba mpaka shangazi zangu wakaniuliza nimewapata wapi ndugu hawa. Watu wa namna hiyo huwaachi wapotee kwa kukosa vidole.

Basi nikaanza kutafuta pa kujifunzia kwa mshahara wa mtu anayejenga. Mjini kuna duka la vyombo vya muziki. Nilimuuliza muuzaji bei ya kinanda kidogo kuliko vyote, akanitajia, nami nikamuuliza kama ametaja bei au namba ya simu. Hakucheka. Ukutani alikuwa amebandika karatasi: usiguse kama hununui. Nikatoka nimeweka mikono nyuma kama mkaguzi.

Nikaenda kwenye video za simu. Huko walimu wapo wengi na hawataki kitu, ila wanaongea. Yupo mmoja alitusalimia, akatueleza maisha yake, akatuonyesha paka wake, akatuomba tumfuate, na alipoinua mkono kugusa kinanda kifurushi changu kikaisha. Nikapakua kinanda chenyewe ndani ya simu, kile cha kubonyeza kwenye kioo. Vidole vyangu ni vya mama wa Kizigua aliyetwanga. Nikibonyeza do, re na mi zinaitika pamoja.

Mwishowe nilikata boksi la mafuta ya kula nikachora kinanda kwa rula na kalamu ya wino mzito, vyeupe na vyeusi mahali pake, nikakilaza juu ya meza ya ofisi. Hakikuwa na sauti, na kwa ofisi hilo lilikuwa jambo jema. Mkurugenzi alipita mara kwa mara akaniona nimeinama, mikono inakimbia, jasho linanitoka. Akaniambia mbele ya wenzangu kwamba anafurahishwa na kasi yangu. Kompyuta ilikuwa imezimwa.

Kinanda cha kweli kilikaa ndani ya sanduku kwenye sakristia, chumba cha vifaa vya misa, chini ya mtunza vifaa wetu, mama mwembamba aliyekivisha kitambaa cha kufuma, juu yake nailoni, juu yake khanga. Alikitoa wakati wa mazoezi ya Jumamosi jioni na kukirudisha sala ya kufunga haijaisha vizuri. Nilimwomba anibakishie hata kidogo baada ya wenzangu kuondoka.

"Kinachoka, dada," alisema, kwa huruma kabisa, na huruma hiyo haikuwa kwangu.

Ni mwenyekiti aliyenitajia afande wa Ihumwa. Alikuwa amestaafu kwenye bendi ya matarumbeta ya askari, na alisifika kwa kufundisha muziki bila kudai kitu. Nilikwenda Jumamosi asubuhi nikamkuta shambani kwake, katikati ya uwele uliokuwa umeanza kukomaa, amesimama juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia ndege, tarumbeta ikining'inia shingoni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Unapiga nini?"

"Kinanda."

"Sijawahi kukigusa," alisema. "Panda."

Nikapanda. Nikaelewa palepale kwa nini hakudai kitu. Msimu ule kwelea kwelea walikuwa wanashuka kwa makundi, na shamba la uwele bila mtu wa kuwinga ndege linabaki mabua. Aliyetaka kujifunza alipewa zamu ya dungu. Somo na kazi vilikuwa kitu kimoja: ndege wakitua, unaimba do re mi kwa sauti kubwa, kupanda na kushuka, huku mkono mmoja unavuta kamba yenye makopo na mwingine unapiga mapigo pajani. Ukikosea mapigo, makopo yanakuumbua mpaka barabarani.

"Vuta pumzi, mama!" alinikemea.

"Afande, kinanda hakipulizwi."

"Wewe je, hupumui?"

Nikavuta pumzi. Jumamosi zikaenda hivyo, mimi na kofia ya ukili, na tarumbeta ya afande ikilia mgongoni. Tatizo likawa ndege. Tarumbeta waliikimbia, lakini mimi walinizoea. Ningeimba fa sol la, nao wangeinua vichwa, wanitazame, waendelee kula.

"Imba kwa hasira," alisema afande. "Wanadhani unawakaribisha."

Hasira ninayo, nikaitumia. Ndege wakaanza kuhama, tena kwa wingi, hata mzee wa shamba la jirani akaja akitembea kwa fimbo.

"Mbukwenyi," alitusalimia kwa Kigogo, kwa adabu zote, kisha akaniomba niimbie upande mwingine, kwa sababu kila nikianza, wale ndege wanakuwa wageni wake.

Somo kubwa la afande lilikuwa moja, na alilirudia kila nilipokwama: "Ukikosea usisimame. Gwaride halisimami eti mpiga ngoma amekosea. Tembea nalo."

Kufika Pentekoste nilijua nyimbo zetu zote kwa vitufe vyeupe tu. Vyeusi nilikuwa nimevichora lakini hatukuzoeana. Mpigaji wetu wa zamani alikuwa amenielekeza kwa simu siri ya wapigaji wengi wa makanisani: kuna kitufe pembeni, ukikibonyeza kinapandisha sauti yote ya kinanda, wewe vidole unabaki palepale kwenye vyeupe. Kwaya yetu iliimba juu, kwa hiyo kabla ya kila misa nipandishe. Nisisahau, maana kinanda kikizimwa kinasahau chenyewe.

Sikusahau. Nilipandisha, nikahakikisha, nikapiga wimbo wa kuingia, na sauti ya kwanza, wanawake wetu wa sauti za juu, wakapaa nao hadi kwenye mabati kama kawaida yao. Mtunza vifaa alisimama pembeni ya kinanda kama muuguzi. Nikaona mambo yamekaa vizuri. Paroko akaanza kuhubiri, na katikati ya mahubiri umeme ukakatika, ukarudi hata watu hawajageuka. Feni zikaendelea. Taa ndogo ya kinanda ikawaka. Mimi nikaona taa, nikamshukuru Mungu, nikatulia.

Wimbo wa matoleo nikauanza kwa mikono yote. Ulitoka chini, chini kweli, kama umetolewa kisimani. Nilijua papo hapo nini kimetokea, na nilijua nikiinua mkono kutafuta kile kitufe wimbo utasimama, na kwaya ikisimama siku ile ndiyo imesimama moja kwa moja. Nikatembea nalo. Wenzangu, kwa kuwa walifundishwa kutii kinanda, wakanifuata wote. Sauti ya kwanza waliimba kama wanawake wanaoongea na waume zao. Sauti ya nne, wanaume wetu wazito, walishuka, wakashuka tena, kisha wakakosa pa kwenda wakabaki na midomo wazi. Mwenyekiti alikuwa mmoja wao. Aliniangalia kwa macho ambayo sitayasahau.

Halafu nikasikia kitu nyuma yangu nisichokuwa nimekisikia tangu nihamie parokia ile. Mabenchi yalikuwa yanaimba. Kwa miaka tulikuwa tumeimba juu kiasi kwamba waumini walitusikiliza tu, na leo wimbo ulikuwa umewashukia walipo. Vibibi wa mbele wakaushika. Wazee wa nyuma, ambao wakati wa matoleo huwa wanatafuta sarafu mpaka wimbo uishe, wakaushika. Mpanga foleni akasahau foleni. Ubeti ulipoisha nikarudia, na wa mwisho nikaurudia tena, kwa sababu sikuthubutu kuacha.

Wakati wa matangazo paroko alikohoa. Nilishika ukingo wa kinanda. Vijana walikuwa wamejaa mlangoni wakisubiri misa yao, na najua walisubiri na jingine.

"Kwaya ya misa ya kwanza," alisema, "ibaki misa ya kwanza. Na muimbe hapohapo chini mlipoimbia leo."

Aliyejibu kwanza hakuwa mwanakwaya. Ni bibi mmoja wa benchi la mbele, alipiga kigelegele, na wenzake wakampokea. Vijana wale wale wa mlangoni nao wakapiga makofi, na sauti ya nne, waliotolewa kazini siku ileile, wakapiga kuliko wote. Mimi niliinamisha kichwa juu ya vitufe nikalia kama mtoto, bila aibu, kwa ajili ya wale ndugu zangu waliosimama nyuma yangu na vitenge vyao. Nikasikia mkono begani. Alikuwa mtunza vifaa, naye machozi yanamtoka.

"Lia pembeni, dada," alininong'oneza, akinisogeza taratibu. "Maji yataingia ndani."