Kwato Iliyopasuka

Nikipita kwenye mashine wakati ngano inasagwa, harufu ya makapi hunifanya nigeuze njia.

Dada yangu alikuwa mpelelezi, mimi msaidizi wake. Mchezo tuliutoa kwenye kitabu cha shuleni. Yeye alisoma nyayo kimya kimya. Mimi nilisimulia kesi zetu mpaka wageni wakashika mbavu.

Siku moja tulikuta ngano ya shamba la serikali imeliwa. Dada aliinamia alama moja ya kwato kwenye tope, akaifuta kwa kisigino mara tu nilipoiona. Nilidhani ni madoido ya mchezo.

Jioni mlinzi wa shamba alipita kwetu kunywa maziwa. Nilimpa shikamoo, kisha nikaanza vituko vyangu: "Mwizi wetu havai viatu, ana miguu minne, na kwato ya mbele kushoto imepasuka!"

Mlinzi alicheka hadi machozi. Baba hakucheka.

Asubuhi walikuja watu watatu. Walikagua kwato zizini, ng'ombe mmoja mmoja, mpaka wakamfikia yule mwekundu wa mama. Wakaondoka naye, baba akiwa katikati yao.

Dada hakunigombeza. Alifunga zizi taratibu, akaniuliza, "Na hii utaisimuliaje?"