Kodi ya Lunga Lunga na Fungu la Yatima

Mwanangu, siku hiyo naikumbuka kwa tarehe yake: Jumatano, tarehe kumi na tisa Juni, miezi michache tu baada ya mimi kutoka eda.

Marehemu mume wangu alituachia, mimi, mama yake na watoto wetu watatu, chumba cha duka huko Lunga Lunga, ng'ambo ya mpaka, nami nikawa msimamizi wa mirathi. Kila pango lilipolipwa, mpangaji alikata kwanza kodi ya serikali ya Kenya. Asubuhi ile karani wa ofisi ya kodi hapa Tanga akanieleza kwamba kilichokatwa kule huweza kupunguzwa katika kodi ya huku, mradi nilete cheti cha makato kutoka kwa mpangaji kabla ya mwezi kwisha. Kilikuwa kiasi kidogo. Nikamjibu kwa kichwa juu kwamba mimi si mtu wa kufuata makombo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimehitimu masomo yangu ya ukubwani (kiburi cha cheti kipya, mwanangu, kina ulevi wake), nami niliona haya kuvuka mpaka wa Horohoro kumwomba mpangaji karatasi.

Alasiri nikapita mtaa wa Mabawa kwa mama mkwe. Nikamkuta akisuka ukili, nikampa shikamoo, nikamsimulia nikitarajia sifa.

"Nimesamehe, mama. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri."

Mikono yake ikasimama.

"Moyo wako, mkwe wangu, si mfuko wangu! Thumni yako, fungu la mjane, isamehe. Sudusi yangu, fungu la mama mzazi, nani kakutuma uisamehe? Na mafungu ya watoto? Yatima wamekuweka kitako wakakwambia, mama, toa?"

Mimi niliyeyajua mafungu ya mirathi kama jina langu, sikuwa nimeona kwamba ukarimu wangu ulikuwa na wenyewe! Mali ya yatima ni moto, nami nilikuwa nimeugawa kwa tabasamu.

"Lakini nauli itakimaliza hicho kidogo," nikajitetea.

"Nauli toa kwenye thumni yako, bibi msomi. Na kama usimamizi umekushinda, sema, tumtafute mwingine."

Neno hilo lilinitikisa kuliko msiba. Kesho yake nikavuka mpaka. Mpangaji akanipa cheti na soda ya baridi. Ile fedheha niliyoiogopa sikuiona hata kivuli.

Kodi ilipopunguzwa, nikagawa kilichookolewa. Fungu langu halikufikia nauli. Mama mkwe akapokea lake, akalitazama kitambo, kisha akawapa wajukuu.

"Sasa ni yangu," akasema. "Sasa naweza kusamehe."

Mwanangu, kabla hujasema "ni kidogo, na kiende," uliza kwanza ni cha nani. Chako kisamehe upendavyo. Ulichoaminiwa kifuate, hata kikikugharimu zaidi ya thamani yake, hata kikikuvunja shingo ya kiburi. Mola akujaalie mkono mpana katika chako, na mkono mwaminifu katika cha wenzako. Amin.